Moja kwa Moja hadi Diskini

Jumatatu, 21 Agosti

Sijafukuzwa! Kwa kamati ya maktaba yetu, hilo ni sawa na kuteuliwa upya. Nitaendelea kukalia kiti cha mtunza mashine hadi mashindano ya mitumbwi, Jumatano ya wiki ijayo. Siku itakayofuata, kamati itaketi na kuamua kama kiti kibaki kwangu au kiende kwa ndugu Pothan. Naomba radhi kwa kuanza na habari zangu mwenyewe. Lakini tangu marehemu mke wangu aniache, kiti hicho ndicho mahali pekee panaponifanya nivae shati lililopigwa pasi.

Shida ni hii. Kamera za ukingoni mwa mto hupiga filamu za mazoezi ya mtumbwi wa kijiji chetu. Filamu kubwa mno, zisizopunguzwa hata chembe. Programu huisoma kila filamu mara moja, mwanzo hadi mwisho, huhesabu makafi yaliyomo majini, kisha humwambia nahodha Sukumaran wapiga makafi walilegea wapi. Vema kabisa. Ila programu inaposoma, skrini ya ukumbi wa kusomea hukwama, na watu huja pale kutazama kipande kile kile cha ushindi wetu wa zamani. Ushindi wetu wa pekee, samahani.

Sababu naijua. Mfumo endeshi wa kompyuta una ukarimu uliopita kiasi. Kila kitu kinachotoka diskini, unakiwekea nakala kwenye kumbukumbu, eti huenda kikaombwa tena. Filamu haiombwi tena! Lakini inajaza kumbukumbu yote, na vitu vidogo vinavyopendwa vinatupwa nje.

Ndugu Pothan, mstaafu wa idara ya umeme, alisema mbele ya watu wote kwamba mashine ina njaa. “Inunulieni kumbukumbu zaidi, basi! Mzee Kuruvila anataka kuifundisha kufunga!”

Walicheka. Hata Mwalimu Thankamma, msimamizi wa maktaba, mjane mwenye sauti nzuri kuliko zote katika kwaya, alitabasamu.

Nilivumilia. Ninao mpango.

Jumanne, 22 Agosti

Ushindi!

Mpango wenyewe: kuupa mfumo endeshi salamu na kuupita. Filamu itoke diskini moja kwa moja hadi kwenye programu, na kutoka kamera moja kwa moja hadi diskini, bila nakala ya katikati. Njia hii niliitumia miaka mingi nilipotunza hifadhidata za benki moja kule Kochi. Data nyingi inayopita mara moja haina haja ya kukaribishwa sebuleni.

Mwanzoni nilikataliwa. Ombi si halali, mashine ilisema, bila hata neno la pole. Nilikuwa nimesahau sharti. Anayepita moja kwa moja hakatiwi wala hapimiwi: lazima achukue mapande kamili ya diski, kuanzia ukingo wa pande hadi ukingo wa pande. Na filamu, kwa bahati mbaya, haiishi kamwe penye ukingo. Mwisho wake huachia pande nusu.

Nikalijaza pande la mwisho utupu. Pande dogo lingetosha, nakiri. Lakini nilisomeshwa na wamisionari, na Mchungaji mwalimu wetu hakuruhusu mtu apeleke mezani sahani iliyojaa nusu. Nilichagua mapande makubwa sana. Kwa heshima.

Ikakubali! Filamu ikapita kama maji kwenye mfereji, kumbukumbu ikabaki wazi, skrini ya ukumbini ikacheza bila kukwama. Mwalimu Thankamma alikuja hadi mlangoni akasema asante, Kuruvila. Hakuniita Mzee. Kuruvila tu.

Imebaki hatua ndogo ya kuukata ule mkia mtupu ulioko mwishoni mwa kila filamu. Nitaifanya kesho. Haumdhuru mtu. Utupu ni utupu.

Jumatano, 23 Agosti

Nimefikiri usiku kucha na kuona kwamba nimetenda upendeleo. Kwa nini njia ya moja kwa moja wapewe filamu za mazoezi peke yao? Nimewapa wote! Magazeti, nyimbo za kwaya, hotuba za makatibu wa kamati, na kipande cha ushindi wetu.

Matokeo yamechelewa kidogo kuwa mazuri.

Inaonekana kipande cha ushindi huombwa kutwa nzima. Zamani mfumo ulikuwa nacho mkononi. Sasa kila anayekiomba anaipeleka diski kukitafuta upya, na diski yetu ni ya umri wangu. Ilikuwa ikisaga kama mbuzi ya nazi. Mtumbwi wetu ukafika karibu kabisa na mstari wa ushindi, ukasimama. Ukarudiwa, ukasimama pale pale. Bibi Rahel, ambaye marehemu mumewe alipiga kafi siku hiyo, alishika mashavu akalia, “Jamani! Hata ile tuliyoshinda sasa hatuifiki!”

Pothan alikuwepo. Huwa yupo. Alinieleza kwa sauti ya kusikika hadi kibanda cha chai kwamba nimemfukuza mhudumu, na sasa kila anayetaka kikombe lazima akifuate jikoni mwenyewe. “Na chai ni ile ile, Mzee! Ile ile!”

Nilimjibu kwa adabu kwamba diski haijazoea. Mwalimu Thankamma aliniomba niyarudishe mambo ya ukumbini yalivyokuwa. Nilimsihi awe na subira. Alivua miwani yake na kuifuta kwa ncha ya sari. Sijui maana yake, lakini inapendeza.

Nimesahau mkia. Kesho.

Alhamisi, 24 Agosti

Siku ya huzuni kwa vijana wa mtumbwi.

Ripoti ya programu imetoka, na ni mbaya. Mwanzoni, makafi yote majini. Katikati, karibu yote. Penye mstari wa mwisho, sifuri! Hakuna hata kafi moja!

Nahodha Sukumaran ana kifua cha pipa na masharubu yanayotangulia mwili wake. Aliisoma ripoti amesimama ukingoni, vijana wakiwa bado ndani ya mtumbwi, wamelowa jasho. Alisoma mara mbili. Kisha akawauliza kama wamekufa.

Waliapa kwa miungu yao, na wengine kwa watakatifu wetu, kwamba walipiga makafi hadi mwisho. “Nahodha, mikono inatutoka damu!” Yeye akasema mashine haina ndugu wala haina uvivu. Imehesabu sifuri. “Mnafika mstarini mnakunja mikono kama wageni wa arusi!”

Niliwaonea huruma. Pia, Mungu anisamehe, niliona fahari. Programu inayosoma moja kwa moja haibembelezi mtu.

Ijumaa, 25 Agosti

Leo nimeipeleka hekima hii nyumbani.

Jessy, mke wa mwanangu, ni mtu mwema sana, lakini samaki wote wa nyumba hii hupitia kwenye friji lake. Friji ni nini? Ni kumbukumbu ya katikati! Samaki anatoka mtoni, analala humo, na mimi nakula nakala. Nilimweleza kwa upole kwamba kuanzia sasa samaki watatoka majini moja kwa moja hadi sufuriani. Alisema, “Sawa, Baba,” kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha mvua ikikaribia.

Alfajiri nilienda kwa mvuvi Chellappan, nikamwomba dagaa wa watu watatu. Akacheka. Yeye hauzi kwa watu watatu. Anauza kapu, kapu zima, toka ukingo hadi ukingo. Anayetaka kupimiwa aende dukani.

Nililitambua sharti hilo! Nilifurahi sana kukutana nalo tena hivi kwamba nilikubali papo hapo.

Kapu la dagaa la Chellappan ni kubwa. Tumekula dagaa asubuhi, mchana na jioni. Paka wa parokia amelala barazani kwetu na hawezi kuinuka. Waliobaki wako kwenye friji la Jessy, mahali pote, hata palipokuwa na maziwa. Jessy ameweka tu sahani yangu mezani, imejaa hadi ukingo.

Jumapili, 27 Agosti

Baada ya ibada, mambo mawili, na yote mazuri.

La kwanza: skrini ya ukumbini inacheza vizuri tena! Kipande cha ushindi hakikwami hata kidogo. Bibi Rahel amekitazama hadi aliposinzia. Nilisema diski itazoea, na imezoea. Nilimwambia Mwalimu Thankamma hivyo. Akasema labda si diski iliyozoea. Jessy ananiambia kwamba Ijumaa, alipopita kuomba watu waje wachukue dagaa, alimkuta Mwalimu amekaa kwenye kiti changu, miwani ameipandisha kipajini, anaandika kwenye mashine. Bila shaka alikuwa akipangusa vumbi. Ni mwanamke nadhifu.

La pili: nahodha Sukumaran ameweka bendera nyekundu mbali kupita mstari wa ushindi. Vijana wamekatazwa kupunguza nguvu kabla ya bendera. Huwa kila mtumbwi hulegea kidogo unapougusa mstari. Ni desturi, hata wenzetu wa ng'ambo ya mto hufanya hivyo. Wetu hawaruhusiwi tena. Mwimbishaji wa mtumbwi amelazimika kuutungia wimbo wa makafi beti nyingine, maana zile za zamani zinaisha mapema.

Ripoti ya jana imesema tena sifuri.

“Bado?” Sukumaran alinguruma, hadi bata wa mashamba ya mpunga wakaruka.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimeangamia.

Nilikuwa kwenye kibanda cha chai, nimeshika gazeti na bilauri yangu. Pothan akaja akaketi karibu nami mno. Alikuwa mpole. Pothan akiwa mpole ni hatari.

Alisema ameitazama filamu moja ya mazoezi hadi mwisho kabisa, jambo ambalo hakuna mtu mwingine amelifanya, kwa sababu mtumbwi ukishapita nani atazame maji. Akasogea. “Mzee wangu, filamu zako zote zina usiku mwishoni. Weusi mtupu. Ndani ya weusi kuna makafi mangapi?”

Mkia!

Niliona yote kwa mara moja. Pande langu kubwa la heshima. Utupu nilioujaza. Programu, kwa uaminifu wake, inafika kwenye ule weusi, inatafuta makafi, haioni hata moja, inaandika sifuri. Vijana wale walikuwa wakipiga kwa nguvu zao zote, na mimi nimewafanya waitwe wavivu mbele ya dada zao.

Pothan hatamwambia nahodha sasa. Atangoja kikao cha Alhamisi, mbele ya kamati nzima, na skrini ikiwa imewashwa. Alimaliza chai yangu akaondoka.

Nilikwenda mtoni kumwambia Sukumaran ukweli. Moja kwa moja, bila mtu wa katikati. Nilikuwa nimeandaa sentensi, yenye samahani mbili mwanzoni na moja mwishoni. Nilipofika, mtumbwi ulikuwa unakuja. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ulipita mstarini kama umeitwa na mama yake, na makafi yakazidi kasi, wakaifikia bendera wakiimba! Sukumaran alinigeukia, macho yana machozi. Alinikumbatia. Alisema kama si mashine yangu asingejua kamwe kwamba vijana hawa wana moyo wa pili.

Nilimpongeza. Sentensi yangu ipo bado, iko safi kabisa.

Jumanne, 29 Agosti. Sikukuu ya Onam

Maua uani, majani ya migomba mezani, Jessy amepika kila kinachopikika. Hakuna dagaa! Nilikula hadi nikalegeza shuka niliyojifunga kiunoni.

Kisha, watu wote wakiwa wamelala mchana, nilikwenda maktaba kwa mpango mpya. Kukata mikia yote kimyakimya kabla ya Alhamisi. Pothan awashe skrini, asione usiku wowote, aonekane mzushi. Nilitetemeka kwa furaha, naomba radhi.

Nilikuwa na haraka. Kupima kila mkia kwa usahihi kungechukua muda, na mwanadamu aliyeshiba ana subira ndogo. Nikaona rahisi zaidi kuondoa pande la mwisho, zima, la kila filamu. Ukingo hadi ukingo! Niliijaribu kwanza kwenye filamu ya mazoezi ya jana, nikaipitisha kwenye programu.

Usiku haupo tena. Kweli. Lakini ndani ya pande lile, pamoja na utupu, ulikuwemo pia mstari wa ushindi. Filamu sasa inaishia mtumbwi ungali njiani. Na ripoti, kwa unyofu wake, ikaandika kwamba mtumbwi haukufika.

Nilikuwa natafuta namna ya kuificha ripoti hiyo nilipoona masharubu mlangoni. Sukumaran alikuwa amekuja kuichukua.

Aliisoma. Hakunguruma safari hii. Alisema kwa sauti ndogo, “Hawakufika?” Kisha akatoka, akaenda kung'oa bendera yake nyekundu, akaipeleka mbali zaidi. Hadi kwenye gati.

Mikia mingine sijaigusa. Nimerudi nyumbani kulala.

Jumatano, 30 Agosti

Siwezi kuandika sawasawa. Sauti imenikauka.

Mto ulijaa watu pande zote mbili. Sisi na wenzetu wa ng'ambo. Katikati ya safari walikuwa mbele yetu nusu mtumbwi, na watu wao walishaanza kupiga ngoma. Bibi Rahel alifumba macho akasema aambiwe yakiisha. Mwalimu Thankamma alikuwa karibu nami, na bila kujua alikuwa ameshika mkono wa shati langu. Lililopigwa pasi!

Kisha ukaja mstari. Wenzetu wakafanya wanavyofanya watu wote: wakauona, wakapumua. Kidogo tu.

Vijana wetu hawajui tena kupumua pale. Kwao pale ni katikati! Mwimbishaji akaingia beti mpya, makafi yakashuka kama mvua ya kusi, na pua ya mtumbwi wetu ikapita mbele, mbele ya macho yetu, mbele ya Mungu, kwa urefu wa mtu aliyelala!

Tumeshinda! Tumeshinda!

Wala hawakusimama. Sukumaran aliwapigia kelele watosheke, lakini nani angesikia. Waliipita meza ya waamuzi. Walizipita boti za wageni. Bendera ilikuwa gatini, nao waliifuata bendera. Pembeni mwa bendera hiyo, juu ya jukwaa la mbao, chini ya mwavuli, aliketi ndugu Pothan, akiwa mwangalizi wa vipaza sauti.

Hakuumia. Maji pale yanafika kiunoni tu. Wapiga makafi ndio waliomwopoa, wakiimba, wakambeba mabegani pamoja na mwavuli, na umati ukadhani ni sehemu ya sherehe.

Mwalimu Thankamma alicheka hadi akauachia mkono wa shati. Hilo tu ndilo nililosikitikia leo.

Alhamisi, 31 Agosti

Kikao kilianza na hotuba, na azimio la kushukuru hotuba. Kisha Pothan akasimama, mafua yamemjaa, akawasha skrini. Akaionyesha filamu hadi usiku wake. Akaeleza yote: mapande, utupu, sifuri, vijana waliosingiziwa. Alieleza vizuri, lazima niseme. Alipiga chafya mara nyingi lakini alieleza vizuri.

Nilisimama kutoa ile sentensi yangu yenye samahani tatu. Nilifika ya pili.

Sukumaran aliomba aonyeshwe tena. Akaonyeshwa. Alitazama weusi ule kama anayetazama picha ya jamaa yake. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinapanda kutoka chini, na kilipofika juu ilibidi akishikilie kiti. “Yaani tumekimbizwa na giza!” Vijana wa mtumbwi waliokuwa madirishani wakamwuliza kama sasa wataombwa radhi. Akasema wataombwa, kila mmoja, na mwakani mkia uongezwe.

Azimio lilipita kwa mikono yote. Mimi nabaki kwenye kiti cha mtunza mashine! Ndugu Pothan ataruhusiwa kununua kumbukumbu zaidi, jambo ambalo halina madhara. Na nywila ya mashine itakaa kwa Mwalimu Thankamma, nami sitagusa kitu bila yeye kuwepo. Wamenipunguzia mzigo, na wamenipa ulazima wa kukaa naye kila siku. Sikutegemea heshima kubwa kiasi hicho.

Nje, Mwalimu aliniambia kwa utaratibu kwamba ni yeye aliyeirudisha skrini ya ukumbini kwenye njia ya zamani, tangu wiki iliyopita. Kwamba filamu kubwa zipite moja kwa moja, sawa, hapo nilikuwa na haki kabisa. Lakini kinachopendwa na kuombwa kila saa kiachwe karibu. “Si kila kitu, Kuruvila.” Nilitabasamu. Ni mnyenyekevu sana. Hataki nijisikie vibaya kwamba diski ilizoea yenyewe.

Nikapata ujasiri, nikamwalika chakula cha mchana Jumapili, nyumbani, pamoja na familia. Alikubali! Nikamwuliza anapenda nini. Bata, akasema, wa kukaangwa na nazi.

Jessy alifurahi kuliko nilivyotazamia. Akasema kuna bata mmoja safi kwenye friji, alimnunua kwa ajili ya sikukuu akabaki, atamtosha kila mtu. Kwenye friji! Kwa mgeni kama huyu! Nilimshukuru sana, nikasema tutaona, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mfugaji bata wa ng'ambo ya mashamba alinipokea vizuri. Anasikitika kwamba hauzi bata mmoja mmoja. Anauza kundi, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Nilimwambia asisikitike hata kidogo. Masharti hayo nayafahamu, na nimeyazoea.

Wanaletwa kesho asubuhi. Wataogelea wenyewe hadi uani kwetu. Jessy atafurahi sana akiwaona.